Frances Perkins: waziri mwanamke aliyeanzia kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli (uzi mrefu, kaa na kahawa yako)

#1 KaraniWaDagaa

Mwakeye wakuu.

Naandika kwa simu, niko Mwanga hapa Kigoma, umeme unakuja na kuondoka, kwa hiyo mpangilio mnisamehe. Asiyependa uzi mrefu apite kimya kimya, hakuna ugomvi.

Nianze na kufuli. Mwaka 2012 nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, matokeo tusiyaongelee. Shangazi akanitafutia kazi kwenye ghala la dagaa. Sitaji la nani wala liko mtaa gani. Tulikuwa wanawake tisa. Kazi yenyewe ni kupepeta, kutoa mchanga na vichangarawe, kutenga dagaa wazima na waliovunjika, kisha kushindilia kwenye magunia ya safari. Mimi kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka nikapewa na daftari, nahesabu ndoo za kila mmoja kwa vijiti: vinne vya kusimama, cha tano kinakata. Ndiko lilikotoka jina langu la humu.

Ghala lilikuwa na mlango mmoja wa bati, na madirisha mawili madogo juu kabisa yenye nondo. Tajiri akitoka anafunga kwa nje. Sababu yake: mtaniibia. Jioni kabla ya kutuachia anatupekua mmoja mmoja, kanga zinakung'utwa, na mwenye mtoto mgongoni anafungua mbeleko.

Siku moja saa nane mchana waya wa taa ukaanza kutoa cheche juu ya rundo la magunia matupu. Kwanza harufu, kama mtu kachoma kandambili. Halafu moshi. Tulipiga lile bati mpaka viganja vikavimba. Aliyetufungulia ni kijana wa bodaboda, kaja na nondo akavunja kufuli. Moto wenyewe ulizimwa na ndoo mbili za maji ya kunawia, haikuwa habari ya redio. Kesho yake tukakuta kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, na mwisho wa wiki kila mmoja akakatwa elfu moja ya kulinunua.

Huyu Frances Perkins, aliyekuja kuwa waziri wa kazi wa Marekani, nilikuja kumsoma miaka mingi baadaye, nikiwa nachukua stashahada ya sheria. Nilipofika kwenye ukurasa wa mlango nilikifunika kile kitabu nikatoka nje kwanza.

Naendelea hapo chini, msinivamie.


#2 Mwanakatonga

Nimeweka mkeka. Elfu moja ya kufuli la kukufungia wewe mwenyewe? Huyo tajiri ana roho ya chuma cha pua.


#3 KaraniWaDagaa

Tarehe 25 Machi 1911, Jumamosi, New York. Perkins ana miaka 30, ana kazi kwenye chama cha kutetea walaji ambacho kilikuwa kinafuatilia hali za viwandani. Mchana huo yuko kwa rafiki yake wanakunywa chai karibu na Washington Square. Wakasikia kengele za zimamoto na mayowe. Akakusanya gauni lake akakimbia kuelekea kwenye kelele.

Jengo la ghorofa kumi. Kiwanda cha kushona blauzi, Triangle, kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Ngazi za gari la zimamoto zilikuwa zinaishia ghorofa ya sita. Ngazi ya chuma ya nje, ile ya dharura, ilipobeba watu ikang'oka. Na kwenye ghorofa ya tisa mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ili wafanyakazi watokee mlango wa pili tu, mikoba ikaguliwe wasije wakaondoka na kitambaa.

Mikoba, wakuu. Kwetu ilikuwa mbeleko.

Perkins alifika wasichana wameshaanza kujirusha. Alisimama chini akaangalia. Walikufa watu 146, kati yao 123 wanawake, wengi wasichana wa Kiyahudi na Kiitaliano waliokuwa hawajakaa Marekani muda mrefu. Wadogo kabisa walikuwa na miaka 14.

Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Wakaachiwa. Hoja iliyowaokoa ni kwamba haikuthibitika wao wenyewe walijua mlango ulifungwa saa ile. Familia zilizofungua madai zikaishia kupata dola 75 kwa kila marehemu. Na mwaka 1913 huyo Blanck akakamatwa tena, kwenye kiwanda chake kipya, kosa ni lilelile la kufunga mlango watu wakiwa kazini. Faini: dola 20.

Niliposoma hiyo ya 1913 ndipo nililikumbuka kufuli letu jipya.


#4 Mgebuka_Mbichi

Mada nzuri ila sioni inatuhusu vipi. Mmarekani wa 1911 na mtu wa Kigoma wapi na wapi? Tungejadili bei ya dagaa, bei ya mafuta ya boti, hali ya ziwa. Halafu huyu mama wenu alikuwa msomi wa tabaka lake, kakutana na wakubwa, kapewa cheo. Sisi hapa ukidai haki leo, kesho unaambiwa usije. Kazi inatolewa na tajiri, haitolewi na sheria.


#5 Mwanakatonga

Mgebuka na wewe, acha mtu amalize kwanza. Samaki mbichi unanuka mapema.


#6 KaraniWaDagaa

Mgebuka hoja yako naichukua, wala simtetei kama malaika. Ni kweli alisoma: Mount Holyoke, akamaliza 1902, baadaye shahada ya uzamili Columbia, 1910. Lakini kilichonivuta ni jinsi alivyofanya kazi, maana cheo kilikuja baadaye sana.

Baada ya moto ule jimbo la New York likaunda tume ya kuchunguza viwanda. Wanasiasa wawili wakapewa kuiongoza, Robert Wagner na Al Smith. Wanaume wa siasa za mtaani, wajanja wa kura, hawakuwahi kukanyaga sakafu ya kiwanda usiku. Perkins hakuwaandikia ripoti ya kurasa mia. Aliwabeba. Al Smith alipelekwa kusimama nje ya kiwanda cha kamba Auburn alfajiri, awaone wanawake kwa maelfu wanatoka zamu ya usiku yenye urefu wa saa kumi. Wakapelekwa kuona watoto wa miaka mitano, sita, saba wanamenya maharage na njegere kwenye viwanda vya makopo. Na Wagner, seneta mzima na suti yake, akaambiwa apite kwenye tundu la ukutani lililoandikwa kuwa ni njia ya kutokea wakati wa moto. Nje ya tundu kuna ngazi imeganda barafu, na inakatikia futi 12 kabla ya kufika chini.

Akapita, na ripoti ya namna hiyo huwezi kuisahau kwenye droo.

Matokeo yake ni sheria nyingi za jimbo ndani ya miaka michache: milango ifunguke kwa nje na isifungwe wakati wa kazi, mazoezi ya kuokoa watu, mabomba ya kunyunyiza maji kwenye majengo marefu, vyoo, idadi ya watu kwa chumba. Vitu vidogo vidogo vya bawaba na komeo. Mimi mtu aliyekaa ndani ya lile ghala siviiti vidogo.


#7 MamaNtilie_Mwanga

Dada umenikumbusha, hata mimi nilipikia watu wa ghala, chakula napitishia dirishani kama gerezani. Hivi aliolewa huyo mama? Maana kazi zote hizo.


#8 KaraniWaDagaa

Aliolewa 1913, na jina lake hakubadili, jambo lililowakera wengi. Walipata binti mmoja. Baada ya miaka michache mume akaanza kuugua maradhi ya akili, akawa anaingia na kutoka hospitali maisha yake yote. Kwa hiyo mshahara wa mama ndio ulioilisha nyumba. Hilo hakulitangaza, na waandishi walipomchimba alikuwa mkali.

Waliwahi kumuuliza kama kuwa mwanamke kunamkwamisha kazini. Akajibu: kwenye kupanda miti tu.


#9 Mwanakatonga

Angekuja huku akawaona wakwezi wa michikichi angeongeza neno. Hata mimi mwanaume sipandi.


#10 Mzee wa Stesheni

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi. Nitie maji kidogo kwenye uji. Vijana huwa mnaandika eti huyu ni waziri mwanamke wa kwanza duniani. Siyo. Urusi walikuwa na Alexandra Kollontai tangu 1917. Uingereza, Margaret Bondfield aliingia baraza la mawaziri 1929, na wizara yenyewe ilikuwa hiyohiyo ya kazi. Perkins ni wa kwanza Marekani, Machi 1933. Hapa kwetu Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck walikuwa manaibu miaka ya mwanzo ya uhuru, lakini mawaziri kamili wanawake ni Tabitha Siwale na Julie Manning, mwaka 1975. Tuwekane sawa.


#11 KaraniWaDagaa

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli kabisa, mimi niliandika waziri mwanamke tu, ila ahsante kwa kuziba tundu kabla panya hajaingia.


#12 Mzee wa Stesheni

Marahaba mwanangu. Endelea.


#13 KaraniWaDagaa

Sasa hapa ndipo ninapotaka tubishane, hasa wewe Mgebuka.

1912. Perkins yuko Albany, mji wa bunge la jimbo, anapigania muswada wa kuzuia wanawake wa viwandani wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 54 kwa wiki. Siku ya mwisho ya kikao wakubwa wakacheza mchezo: wakaleta muswada uliokatwa kipande, viwanda vya kusindika matunda na mboga vimeachwa nje. Walijua bosi wake, Florence Kelley, alishamwagiza asikubali kitu chenye msamaha kwa viwanda hivyo. Kwa hiyo atakataa, muswada utakufa, na wao watasema si tulileta.

Na wale wa makopo ndio waliokuwa na hali mbaya kupita wote. Msimu wa matunda mtu hana mchana wala usiku. Kama sisi wakati wa giza, mwezi usipokuwepo ndipo dagaa wanavuliwa, boti zikirudi zimejaa huna ruhusa ya kusema nimechoka, dagaa hawakusubiri.

Perkins akakubali kipande. Akasema moyoni, mamia ya maelfu ya wasichana wapate leo, wa makopo nitawarudia. Wakati wa kura mambo yakakaribia kuharibika, na aliyemwokoa ni mtu ambaye gazeti lolote lingemwita fisadi, Tim Sullivan, mzee wa siasa za mtaani aliyekuwa tayari anaelekea kwenye boti ya kurudi mjini na binamu yake. Akageuka kuja kupiga kura, akamwambia Perkins kwamba na yeye alikuwa na dada aliyeanza kazi akiwa mdogo. Muswada ukapita.

Alirudi kwa bosi wake anatetemeka. Kelley akampongeza. Na wa makopo wakaingizwa mwaka uliofuata.

Je, alifanya sawa? Mimi miaka yote nimekuwa upande wa ndiyo. Siku hizi sina uhakika.


#14 Mgebuka_Mbichi

Hapo umenigusa. Mimi nasema alikosea. Ukikubali nusu mkate, mwenye mkate anajifunza kwamba nusu inakutosha. Wa makopo walipata mwaka mmoja baadaye kwa bahati tu. Wangapi hawakurudiwa?


#15 KaraniWaDagaa

Wapo. Ndiyo maana nimesema sina uhakika.

Februari 1933 Franklin Roosevelt ameshashinda urais, anamwita Perkins nyumbani kwake New York ampe Wizara ya Kazi. Walishafanya kazi pamoja, Roosevelt alipokuwa gavana wa New York: tangu 1929 mama alikuwa kamishna wake wa viwanda jimboni. Mama akaenda na karatasi. Akamsomea: wiki ya saa 40, kima cha chini cha mshahara, fidia kwa anayeumia kazini, bima ya kukosa ajira, marufuku ya kuajiri watoto, msaada wa serikali kuu kwa wasio na kazi, pensheni ya wazee, ofisi za kutafutia watu kazi, bima ya afya. Akamwambia: haya ndiyo nitakayofanya, kama huyataki basi hunitaki mimi. Wakati huo Marekani mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi. Roosevelt akakubali.

Akakaa wizarani miaka 12, mpaka 1945. Hakuna waziri wa kazi wa Marekani aliyefikisha muda huo. Katika karatasi ile, kitu kikubwa kilichomshinda ni bima ya afya.

Ya pensheni ina kisa chake. Kamati ya mawaziri aliyoiongoza mwaka 1934 ilizunguka miezi, hawaelewani mfumo uendeshwe na serikali kuu au majimbo, na wote wanaogopa Mahakama ya Juu itafuta kila kitu. Siku moja kwenye hafla ya chai jaji mmoja wa mahakama hiyohiyo, Harlan Stone, akamnong'oneza: tumia nguvu ya kutoza kodi. Basi makato yakapitishwa kwa jina la kodi. Krismasi ikikaribia bado wanabishana, akawaita nyumbani kwake, akawakalisha kwenye meza ya chakula, akachomoa simu, akaweka chupa ya wiski mezani, akasema hatoki mtu mpaka tumalize.


#16 Mwanakatonga

Kwa hiyo safari hii aliyefunga mlango ni yeye mwenyewe 😂😂


#17 KaraniWaDagaa

😂 Ndiyo, na walitoka saa nane za usiku huko wameshakubaliana. Wala hawakupekuliwa.

Sheria ya hifadhi ya jamii ikasainiwa tarehe 14 Agosti 1935. Mtu wa kwanza kupata hundi ya pensheni ya kila mwezi alikuwa mama mmoja karani mstaafu wa Vermont, Ida May Fuller, Januari 1940, dola 22 na senti 54. Alikuwa amechangia dola 24 na senti 75 tu, akaishi mpaka miaka 100, akala pensheni karibu dola elfu 23. (Makarani tuna bahati zetu, mjue.)

Halafu 1938 ikaja sheria ya ujira na saa za kazi: senti 25 kwa saa, wiki ya saa 44 ambayo ingeshuka kufika 40, na watoto chini ya miaka 16 watoke viwandani.

Sasa Mgebuka, jibu lako. Sheria zote hizo mbili ziliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Kule kusini mwa Marekani hao ni akina nani? Weusi. Waliobeba pamba na waliolea watoto wa watu. Kamati ya Perkins ilikuwa imependekeza waingie kwenye pensheni. Waziri wa Fedha Morgenthau akaenda bungeni kusema makato yao hayakusanyiki, na wabunge wa kusini wakafurahi mno kumsikia. Mama akameza. Walirudiwa 1950 kwa pensheni. Kwa kima cha chini, wa mashambani wakasubiri mpaka 1966, wa majumbani 1974, yeye ameshakufa tangu 1965.

Mwaka mmoja kwa wa makopo. Miaka 36 kwa dada wa kazi.


#18 TumbakuUrambo

Naomba niingie. Mimi niko Urambo, Tabora. Huku msimu wa tumbaku vijana wanakuja kutoka kwenu, Kasulu, Kibondo, Buhigwe. Wanalima, wanavuna, wanakausha kwenye bani, usiku mtu analala mlangoni akichochea moto. Analipwa lini? Soko likifunguliwa. Mwenye shamba akipata daraja bovu au malipo yakichelewa, kibarua naye anangoja. Nimeona mtu kamaliza msimu mzima anapewa baiskeli na unga gunia moja, anaambiwa tumelingana. Mkataba ni mdomo. Sasa na sisi sheria ilituacha nje kama hao weusi?


#19 KaraniWaDagaa

Hapana, na hili nataka lisomwe taratibu.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 haikumwacha nje mtu wa shamba wala dada wa nyumbani. Waliotolewa ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku, siku sita. Ukizidisha, unalipwa mara moja na nusu. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi. Mama akijifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, mapacha 100. Kwenye karatasi, kwa kutomwacha nje mtu wa shamba wala wa nyumbani, tumemzidi Perkins wa 1938.

Mlango wetu umefungwa sehemu nyingine. Umefungwa kwenye neno "kibarua". Tajiri anasema huyu si mwajiriwa wangu, huyu anakuja tu. Na mwenyewe kibarua anaamini hivyohivyo.

Kuna kifungu nakipenda kama mtu anavyopenda shairi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa likiwepo hata moja kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo kwa riziki, anapewa vifaa na huyo, na mengine. Saa 45 kwa mwezi! Wale wa kuanika dagaa Kibirizi wanazimaliza wiki ya kwanza. Ukishaonyesha hapo, kazi ya kuthibitisha kwamba wewe si mwajiriwa ni ya tajiri.

Na kama hakukupa maelezo ya kazi kwa maandishi, mkibishana masharti yalikuwa yapi, anayetakiwa kuthibitisha ni yeye. Mkataba wa mdomo ni mkataba.


#20 MjukuuWaManamba

Naona Kasulu imetajwa nikaamka. Babu yangu mzaa baba aliondoka huku miaka ya 50 kwenda mkonge Tanga. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, tangu 1944. Mnaandikwa, mnapewa namba, mnapakiwa kwenye treni hapo mwisho wa reli, ndiyo neno manamba. Babu alikuwa na kipande, kadi ya siku 30. Siku inawekwa alama ukimaliza kazi uliyopimiwa. Usipomaliza, siku haipo, hata kama umekata mkonge mpaka jua limezama. Kwa hiyo mwezi wa babu ungeweza kuwa na siku arobaini. Alikuwa akituambia sisi wajukuu: "Mwezi wa mzungu hauandami, unakatwa."

Karani nikuulize, hizo ndoo ulizokuwa unahesabu zilikuwa za ujazo gani?


#21 KaraniWaDagaa

Hahaa. Umeuliza swali ambalo lilinifukuzisha kazi.

Ndoo ya kawaida ni lita 20. Ndoo yetu ilikuwa imekatwa na kuunganishwa juu kwa bati, kama inchi mbili na nusu hivi. Inapakwa rangi ili isionekane. Mwezi wa nane niliandika pembeni mwa daftari hesabu ya kile kipande cha juu, kwa kila mmoja wetu, kama siku zake zilizopotea. Tajiri akaliona. Nilitoka siku hiyohiyo, daftari akabaki nalo.

Mpaka leo sijui kwa nini sikuandika mawili.


#22 Mgebuka_Mbichi

Dah. Basi nimekaa chini.

Lakini niseme moja, nalo ni la kweli. 2024 ziwa lilipofungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, mvuvi alilalamika akasikika, mwenye boti akasikika. Wale wa kuanika na kupepeta nani aliwauliza? Miezi mitatu mwalo mweupe. Mke wangu ni wa huko. Hiyo bima ya kukosa kazi ya mama wenu ingemkuta?


#23 KaraniWaDagaa

Pole kwa shemeji. Mimi sipingi ziwa kupumzika, samaki wanahitaji kuzaa. Ila jibu la swali lako ni hapana, na linauma: NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, lakini ni la aliyekuwa anachangiwa. Shemeji hajawahi kuandikwa popote. Hata ile sheria ya 1935 ingempita vilevile.


#24 Mzee wa Stesheni

Mwanangu umesahau kumalizia, walitaka kumng'oa madarakani.


#25 KaraniWaDagaa

Naam, 1939. Mbunge J. Parnell Thomas alileta hoja aondolewe, kisa amekataa kumfukuza nchini Harry Bridges, kiongozi wa wafanyakazi wa bandarini aliyezaliwa Australia, wakidai ni mkomunisti. Perkins alisema ushahidi hautoshi, ataendelea kufuata utaratibu. Akaenda mwenyewe mbele ya kamati akajieleza. Hoja ikatupwa. Jengo la wizara Washington lina jina lake tangu 1980. Zaidi ya hapo tafuteni wenyewe, kidole kimechoka.


#26 Mpya_Humu

Samahani wakubwa, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mama mdogo wangu amepepeta dagaa kwa tajiri mmoja hapa Kigoma miaka minne, kila siku isipokuwa mbalamwezi. Mwezi uliopita aliumwa malaria siku tano, aliporudi akakuta mtu mwingine, akaambiwa hakuna kazi. Hana karatasi yoyote. Anaweza kufanya kitu au ndiyo basi?


#27 KaraniWaDagaa

Si basi. Miaka minne kwa mtu mmoja, kila siku, anapangiwa saa, anapewa ungo na ndoo za tajiri: huyo ni mwajiriwa, soma #19. Kuugua si kosa la kumfukuza mtu. Anakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anajaza fomu namba moja, nakala anampelekea tajiri, hakuna ada. Lakini madai ya kuachishwa kazi yana siku 30 tu tangu siku aliyoambiwa. Zikipita inabidi aombe kuongezewa muda na atoe sababu, na wanaweza wasimkubalie.

Aliambiwa tarehe ngapi? Na je, kuna mtu alikuwa anaandika ndoo zake?


#28 Mpya_Humu

Leo ni siku ya 26. Ndoo alikuwa anaandika mwenyewe, kwenye daftari la shule la mtoto, kurasa za nyuma. Vijiti vijiti tu.


#29 KaraniWaDagaa

Vinne vya kusimama na cha tano kinakata?


#30 Mpya_Humu

Ndiyo.


#31 KaraniWaDagaa

Kesho saa mbili asubuhi awe pale ofisini. Daftari aje nalo mkononi, asimpe mtu alishike hata kwa dakika moja. Apige picha kila ukurasa kabla hajatoka nyumbani. Nimekutumia namba yangu ndani, nitakuwa nje ya geti.